Pilipili manga: niuze sasa au nisubiri?

*Ndugu mtaalamu, nina magunia matatu ya pilipili manga. Dalali anashusha bei kila akija. Nasikia nyeupe inalipa zaidi. Nifanyeje? – Mkulima, Muheza*

Ndugu mkulima, kushuka kwa bei si lazima kuwe dhuluma ya dalali. Bei ya pilipili manga huamuliwa mbali, hasa Vietnam, inayoongoza duniani kwa kuizalisha. Mche huchukua miaka kama mitatu kuanza kuzaa. Kwa hiyo bei ikipanda, watu nao hupanda. Mavuno yao yakifika sokoni kwa pamoja, bei inaporomoka. Mwaka 2015 bei ilikuwa juu sana. Kufikia 2020 ilikuwa imeanguka vibaya, na wakulima wengi wa Vietnam wakahamia kahawa na durian. Uhaba uliofuata ndio uliochangia bei kupanda tena 2024.

Nyeupe ni tunda lile lile, ila huvunwa likiiva na kulowekwa siku kadhaa hadi ganda litoke. Kilo yake ni ghali, lakini ganda huondoka na uzito wake. Kama huna mnunuzi wa uhakika, mimi nisingehangaika nayo.

Uza gunia moja kwa mahitaji ya sasa, mawili yaweke. Zikikauka vizuri, punje hukaa zaidi ya mwaka. Usikope ili usubiri bei. Kabla ya kuuza, uliza kwa wanunuzi wawili watatu na kwenye chama cha ushirika. Ukiona ukungu, zitenge punje hizo na umwone afisa ugani wiki hii hii.