Tucheze Pamoja Nyumbani



Katika masomo yetu tumezoea kuongea juu ya mahindi, kuku, maji na akiba ya kikundi. Mwezi huu tuongee juu ya drafti, ludo, ajua na bao. Wengine watacheka na kusema, "Sisi ni watu wazima, mambo ya kucheza ni ya watoto." Lakini hebu tujiulize: boma litaendelea namna gani kama watu wake hawaongei?

LENGO LA SOMO: Kuona jinsi mchezo wa jioni moja kwa wiki unavyoweza kuwafanya wazazi na watoto wasikilizane, na kuamua tutaanzaje.

KIANZIO

Wanakikundi wanne waigize hadithi hii:

Baba yuko senta tangu saa tisa, anacheza drafti na wenzake chini ya mti. Anacheka sana. Saa moja jioni anaingia nyumbani. Watoto waliokuwa wakipiga kelele wananyamaza. Anauliza, "Chakula kiko tayari?" Halafu, "Daftari za shule ziko wapi?" Mtoto mkubwa anaangalia chini. Mama yuko jikoni, anapuliza moto na mtoto mdogo yuko mgongoni. Wakishakula, kila mtu anaenda kulala.

Sasa muulizane:

1. Mmeona nini?
2. Kwa nini baba huyu anacheka senta na nyumbani hacheki?
3. Je, mambo haya yako kwetu?
4. Mtoto huyu akipata shida, atamwambia nani?

Msiharakishe swali la nne. Mtoto aliyezoea kuongea na wazazi juu ya mambo madogo ndiye atakayeweza kuwaambia makubwa: kwamba kuna mtu mzima anamsumbua njiani, au wenzake wanamvuta kwenye pombe. Yule anayeulizwa daftari tu atatafuta mtu mwingine wa kumwambia, na sisi hatutajua mtu huyo ni nani.

MCHEZO UNASAIDIA NAMNA GANI?

1. Sheria ni moja kwa wote. Nyumbani mzazi ndiye anayeamua. Kwenye ubao, baba akikosea njia, mtoto wa miaka tisa anaweza kusema, "Hapana baba, hiyo haiendi hivyo," na baba anarudisha kete yake. Heshima haipotei hapo. Mtoto anaona kwamba baba naye anafuata sheria, na kwamba neno la mtoto likiwa la kweli linasikilizwa.

2. Mdomo unafunguka. Ukimwita kijana na kumwambia, "Kaa hapa tuongee," anafikiri amekosa. Mkicheza, macho yako kwenye ubao na mikono ina kazi. Maneno yanakuja polepole bila kuvutwa.

3. Tunajifunza kungoja zamu na kushindwa. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni afadhali mtoto azoee kushindwa nyumbani, mahali anapopendwa, kuliko kujifunza huko nje kwa ugomvi.

4. Tunajuana. Mzazi ataona kwamba yule mkimya ndiye anayefikiri mbali, na yule mwenye maneno mengi hana subira.

Mwaka 2020 shule za Kenya zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Katika nyumba nyingi wazazi na watoto walishinda pamoja kutwa nzima, na maneno yakawa ni ya kutumana tu. Kukaa chini ya paa moja bado si kuongea.

MICHEZO TUNAYO TAYARI

Hatuhitaji kwenda dukani. Waluo wana ajua na Wakikuyu wana giuthi. Hii huchezwa kwa mashimo na mbegu au mawe madogo, na mashimo yenyewe yanaweza kuchimbwa chini uwanjani. Watu wa pwani wana bao lao lenye mashimo 32 na kete 64. Mwombeni babu au nyanya anayejua awafundishe watoto. Hapo vizazi vitatu vitakuwa vimekaa pamoja. Ludo nayo ni nzuri kwa wadogo: inachezwa na watu wanne, na kwa kuwa dadu haijui mkubwa, hata wa darasa la kwanza anaweza kumshinda mama yake.

KUTENGENEZA DRAFTI

1. Tafuta kipande cha boksi au ubao, upana sawa kila upande.
2. Chora mistari upate vyumba 8 kwa 8, yaani 64. Paka makaa chumba kimoja, ruka kimoja, hadi mwisho.
3. Okota vizibo 24 vya soda. Mmoja achukue 12 na kuvilaza kifudifudi, mwingine 12 chali.
4. Kila mmoja apange vizibo vyake kwenye vyumba vyeusi vya mistari mitatu iliyo karibu naye.
5. Kizibo kinaenda mbele kwa mshazari, chumba kimoja. Kikikuta cha mwenzako na nyuma yake kuna nafasi, kinaruka na kukila. Kikifika mwisho kinakuwa mfalme na kinaweza kurudi nyuma. Kiwekeeni kizibo kingine juu ili kijulikane.

Mkiwa wengi, chezeni wawili wawili, mkubwa na mdogo wakishauriana.

TUANGALIE HAYA

- Kazi kwanza, na kwa pamoja. Kama mama anaosha sufuria peke yake huku wengine wanacheza, hapo mama ameachwa nje. Baba na wavulana nao wachote maji, waoshe vyombo, ndipo wote wakae.
- Wasichana wacheze sawa na wavulana.
- Pesa isiwekwe kamwe, hata shilingi tano. Siku hizi vijana wetu wanabashiri mechi kwa simu na kupoteza hata pesa ya karo. Mtoto asijifunzie kamari kwenye meza ya nyumbani.
- Usimwachie mtoto ashinde kwa uongo, atajua. Mpe nafasi ya wazi: wewe anza na vizibo 9, yeye 12.
- Aliyeshindwa asitukanwe. Simu zikae kando.
- Mtoto akisema jambo zito katikati ya mchezo, msimgombeze hapo hapo. Mkifanya hivyo, siku nyingine hatasema. Msikilizeni hadi mwisho, mchezo unaweza kungoja.

KAZI YA MWEZI

Kila mwanakikundi achague jioni moja kwa wiki, nusu saa inatosha, kwa wiki nne. Katika mkutano ujao tuelezane: Nani alikataa kucheza, na kwa nini? Kazi za jioni mligawana vipi? Ni jambo gani ulilisikia kutoka kwa mtoto wako ambalo hukulijua? Siri ya mtoto isiletwe mkutanoni. Semeni tu yale ambayo yeye mwenyewe angekubali yasemwe.