Kona ya Dada: Mume wangu na ugomvi wa kiti

Barua zenu zimejaa kikapu, ila leo nimechomoa moja tu, maana imenichekesha kisha ikanikumbusha machungu yangu.

Imetoka kwa mdogo wetu, mzaliwa wa Tanga, aliyeolewa na rubani huko Marekani. Anasema wiki ya pili hii mumewe hali chakula bila simu sikioni. Chama cha marubani kimeleta makubaliano ya awali ya mkataba mpya. Nyongeza ya mshahara imenona, lakini marubani wanabishana juu ya viti: nani akae daraja gani anaposafirishwa na shirika. "Dada nimechoka," anaandika. "Mtu mzima na mshahara ule anagombea kiti kama yuko kwenye daladala. Nimwambie apige kura ya ndiyo tulale?"

Mdogo wangu, usimwambie. Na hilo la daladala usilirudie mbele yake.

Kuna siku ndege inamsubiri San Francisco naye yuko New Jersey. Shirika linampandisha ndege nyingine, anakaa na abiria kwa saa sita hivi, akifika anaichukua ile ya kwake. Hajaenda kutembea huyo. Kanuni za Marekani za saa za kazi za marubani, zilizoanza kutumika tarehe 4 Januari 2014, zinatamka wazi kwamba muda wote wa safari ya namna hiyo ni kazi na hauhesabiwi kuwa mapumziko.

Sasa ona ajabu yake. Kanuni hizohizo zimempimia kiti rubani anayepumzika angani wakati wenzake wameshika usukani kwenye safari ndefu. Cha juu ni kitanda kilichotengwa mbali na abiria. Kinafuata kiti kinacholala bapa au karibu na bapa, nyuma ya pazia. Cha chini kabisa ni kiti kinachoegemea nyuma angalau nyuzi 40, chenye pa kuegeshea miguu. Nyuzi 40, jamani, mtu amekaa na kipimo! Lakini huyu anayesafirishwa kama abiria hakupimiwa kitu. Anaweza kubanwa kiti cha kati, safu ya mwisho, mlango wa choo ukimgonga bega, kisha akafika akakabidhiwa roho za watu 180. Kiti chake kinatafutwa kwenye mkataba, na kisipoandikwa humo basi hana.

Ndiyo maana simu haikatiki. Wanaoruka ng'ambo wanataka daraja la biashara, wa safari za ndani wanauliza na sisi je. Safari ndefu inaanzia saa ngapi? Daraja la kwanza likijaa abiria waliolipa, nani arudi nyuma? Shirika nalo lina hesabu yake, maana kiti kile lingeweza kukiuza, au kumtunuku mteja wake wa kila wiki, ambaye akimkuta mwenye sare amekikalia hununa mpaka mwisho wa safari.

Mimi somo hili nililipata kwa magoti. Zamani nilifanya kazi mahali ambapo sitapataja, na mkataba ulisema nikitumwa mkoani nitapewa "usafiri unaofaa". Nikatumwa Dodoma. Huo unaofaa ukawa kiti cha nyuma kabisa cha basi, juu ya tairi, jirani kapakata tenga la kuku na jogoo mmoja akinidonoa kiwiko tangu Chalinze. Nilishuka miguu imeumuka kama maandazi, viatu mkononi, na baada ya saa mbili natakiwa nisimame mbele za watu niseme. Nilipolalamika nikaulizwa: kwani basi halikufika?

Kwa hiyo akirudi leo mkalishe, akuonyeshe kifungu chenyewe. Kama kimeandikwa "atapewa", sawa. Kama ni "atapewa nafasi ikiwapo", hapo ndipo pana jogoo. Muulize pia akikosa hicho kiti analipwa nini, maana shirika lisilotozwa kitu kwa kukiuka litakiuka.

Muulize na safari anayoigombea ni ipi: ya kutumwa na shirika, au ya kutoka nyumbani kwenda kazini. Marubani wengi wa Marekani wanaishi mji mmoja na kituo chao cha kazi kiko mji mwingine, na kufika kazini ni juu yao: wanaomba kiti kitakachobaki, au kile cha ziada ndani ya chumba cha marubani. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Rubani msaidizi alikuwa ametoka Seattle usiku kucha, akidandia ndege za mizigo ili afike kazini New Jersey. Wachunguzi walisema chanzo ni jinsi rubani mkuu alivyoitikia onyo la ndege, lakini uchovu uliandikwa pia kwenye ripoti, na ajali ile ndiyo iliyosukuma zile kanuni za 2014.

Kuhusu kura, asitishwe na mtu. Mwaka 2022 marubani wa shirika la United waliletewa makubaliano, wakayakataa kwa asilimia 94. Septemba 2023 wakapitisha mengine kwa asilimia 82, yenye nyongeza ya hadi asilimia 40 katika muda wa mkataba. Sisemi mumeo aangushe mkataba mzima kwa ajili ya kiti. Saa za kazi, mapumziko na bima vikiwa vizuri, mimi ningesema ndiyo. Ila ajue kwamba kwa sheria yao mkataba wa namna hiyo hauishi tarehe ikifika, unafunguliwa tu kwa mazungumzo, na mazungumzo yanaweza kuburuta miaka huku yeye bado amekaa mlangoni pa choo.

Kura zikifungwa niandikie. Simu wakati wa kula mkatalie, hiyo haimo kwenye mkataba wowote.