Kifuko cha Maji Nyuma ya Tezi Dume: Kijitabu cha Familia

Ukitaja tezi dume, wengi humfikiria mzee anayeamka usiku kukojoa, au saratani. Hata mitaani kiungo kimegeuzwa ugonjwa: "Fulani ana tezi dume." Kila mwanamume anayo. Ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Kijitabu hiki kinahusu jambo jingine, linaloonekana zaidi kwa watoto wa kiume na vijana: kifuko cha majimaji, ambacho madaktari hukiita sisti, kilicho nyuma ya tezi hiyo na ambacho mtu amezaliwa nacho.

Kinatoka wapi

Mimba ikiwa changa, kila mtoto tumboni, wa kike au wa kiume, ana mirija miwili iliyopewa jina la Johannes Müller, Mjerumani aliyeieleza mwaka 1830. Kwa msichana, mirija hiyo hukua ikawa mfuko wa uzazi na mirija ya mayai. Kwa mvulana, korodani changa huanza kutoa homoni mnamo juma la nane, na homoni hiyo huifanya mirija hiyo isinyae. Hubaki kishimo kidogo tu ndani ya tezi dume. Kwa baadhi ya wavulana mabaki hayo huwa makubwa kuliko kawaida na kujaa majimaji. Vifuko vingine vina mdomo kwenye mrija wa mkojo. Vingine vimefungika pande zote.

Kifuko hiki si laana, si ugonjwa wa zinaa, wala hakiambukizi. Kwa kawaida si saratani pia. Saratani ndani ya kifuko cha aina hii ni nadra sana.

Dalili zinazodanganya

Wengi wanaishi nacho bila kujua, kikaonekana siku wanapopigwa ultrasaundi kwa sababu nyingine. Kinapoleta shida, shida hiyo hufanana na magonjwa mengine, na hapo ndipo familia hupotea njia.

Kifuko chenye mdomo hupokea mkojo mtoto anapokojoa. Akishavaa kaptula, mkojo ule hudondoka kidogokidogo. Anachapwa kwa uchafu, na kosa si lake. Mkojo unaobaki humo hutuama, vijidudu huzaliana, na maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) yanakuja, yanatibiwa, yanarudi. Wakati mwingine maambukizi hufika kwenye korodani, ikavimba na kuuma.

Kijana akipata UTI ya tatu, nyumbani huanza minong'ono kwamba ana tabia mbaya. Yeye, kwa aibu, hununua vidonge duka la dawa, anameza siku mbili, anaacha. Dawa hupunguza vijidudu lakini haiondoi dimbwi vinamozaliana. Kwa mvulana aliyevuka umri wa uchanga, UTI si jambo la kawaida. Ikijirudia, swali si "dawa gani kali zaidi?" bali "kwa nini inarudi?"

Kwa mtu mzima dalili nyingine ni maumivu wakati wa kumwaga, damu kwenye shahawa, au kukosa mtoto. Kifuko kikikua huweza kubana mirija midogo inayopitisha shahawa, zikatoka chache sana, tena bila mbegu. Mke huzungushwa kwa waganga miaka mingi, na kizuizi kiko kwa mume. Mkikaa mwaka mzima mkitafuta mtoto bila mafanikio, pimweni wote wawili.

Kabla ya jando

Mzazi, soma hapa mara mbili. Vifuko hivi huonekana zaidi kwa wavulana ambao tundu lao la mkojo liko upande wa chini wa uume badala ya nchani, au ambao korodani zao hazijashuka. Mtazame mwanao wakati wa kumwogesha. Ukiona tundu liko chini, asitahiriwe kwanza, hata kama wenzake wote wanapelekwa. Daktari wa upasuaji huweza kuihitaji ngozi ile ya mbele kurekebisha njia ya mkojo, na ikishakatwa hairudi.

Vipimo na matibabu

Huanza na mkojo, ukioteshwa maabara kujua kijidudu na dawa inayokiweza. Kisha ultrasaundi ya tumbo la chini. Kwa mtu mzima huenda kifaa chembamba kikapitishwa njia ya haja kubwa ili kuona kwa karibu. MRI huonyesha vizuri zaidi mipaka ya kifuko. Mjulishe pia kuhusu kifuko hicho mhudumu yeyote anayetaka kuweka mpira wa mkojo, kwani ncha yake huweza kuingia kwenye kifuko badala ya kibofu.

Kisicho na dalili huachwa, kikafuatiliwa tu. Kinachosumbua huweza kufunguliwa kwa kifaa kinachopita ndani ya mrija wa mkojo, bila kuchana tumbo. Kikubwa hutolewa kupitia matundu madogo tumboni. Kukinyonya kwa sindano hutoa nafuu, lakini mara nyingi hujaa tena. Mishipa na mirija ya uzazi iko jirani sana, hivyo kabla ya kutia sahihi muulize daktari upasuaji utagusa vipi uwezo wa kuzaa na tendo la ndoa. Ni haki yako kuuliza.

Anzeni zahanati au kituo cha afya, muombe rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Wapo hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Kenyatta. Nendeni na daftari lenye tarehe za kila UTI, majina ya dawa na majibu ya vipimo.

Usingoje miadi mkojo ukigoma kutoka, homa ikija na kutetemeka, au korodani ikiuma ghafla. Huenda imejinyonga, na korodani iliyojinyonga huweza kufa ndani ya saa chache. Mkimbize hospitali usiku huohuo.