KIBOMBA CHA SHABA NDANI YA KALAMU

Wengi wenu mmekwisha kuona kalamu iliyokerezwa kwa mti au kwa pembe. Kwa nje huonekana mti tu. Lakini ukiifungua utakuta ndani mna kibomba chembamba cha shaba nyeupe, ambacho mara nyingi upana wake ni milimita 7 hivi. Kibomba hicho ndicho mfupa wa kalamu. Mti ukishikamana nacho vizuri, kalamu hudumu miaka mingi. Usiposhikamana nacho, kazi yote ni bure. Basi somo letu la muhula huu ni jinsi ya kukiandaa kibomba hicho na kukitia rangi.

Kwanza tuijue shaba yenyewe. Shaba nyeupe haichimbwi ardhini ikiwa tayari. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu, kwa kawaida kama theluthi mbili, na zinki. Watu wa bara waliijua tangu zamani. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ikipita Ugogo, ilichukua mizigo ya waya nene zilizoitwa masango, na mafundi wakazifanya bangili na mapambo. Huko pwani, Lamu, iko siwa ya shaba iliyofanywa na mafundi hodari, nayo yahifadhiwa katika makumbusho ya mji huo mpaka leo.

Huenda msomaji akauliza, "Kwa nini kibomba kitiwe rangi, nacho kinafichwa ndani?" Jibu ni hili. Mpingo ni mweusi, hauonyeshi kitu. Kalamu ya mpingo haihitaji rangi ndani. Lakini sisi wa Singida ni wafugaji, na pembe tunazo nyingi. Pembe nyeupe ya ng'ombe ikikerezwa ikawa nyembamba hupitisha mwanga, na kibomba huonekana ndani yake, pamoja na kila alama ya gundi. Kibomba kikipakwa rangi nyeupe, pembe hung'aa. Kikipakwa nyeusi, hukoza. Kikiachwa na rangi yake, huonyesha umanjano kama wa asali.

Sasa tufuate kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kutoboa. Kata ncha ya pembe, mahali palipojaa pasipo uwazi, iwe ndefu kidogo kuliko kibomba. Ibane katika jiliwa, utoboe polepole kwa keekee ya upana ufaao, ukipumzika mara kwa mara. Pembe ikipata joto hunuka kama nywele zinazoungua, tena hupasuka. Funika pua kwa kitambaa, maana vumbi lake si jema kwa mapafu.

Hatua ya pili ni kusugua. Kibomba kipya hung'aa, na mng'ao huo ndio adui wa gundi. Kisugue chote kwa msasa namba 150 mpaka mng'ao uishe na mikwaruzo midogo ionekane. Gundi hushika katika mikwaruzo hiyo kama mizizi ishikavyo udongo.

Hatua ya tatu ni kuosha. Kipanguse kwa kitambaa safi chenye spiriti, kikauke. Tangu hapo usikiguse kwa vidole vitupu, kwa sababu ngozi yetu ina mafuta.

Hatua ya nne ni rangi. Njia ziko tatu. Iliyo rahisi na salama ni kupaka rangi ya kawaida, tabaka jembamba, kisha kuiacha ikauke siku nzima. Njia ya pili ni moto. Kitie kibomba katika waya, ukizungushe juu ya taa ya spiriti. Utaona umanjano unakoza, kisha unakuja wekundu wa kahawia, na mwisho huelekea zambarau. Hiyo si rangi iliyopakwa. Ni utando mwembamba sana unaotokea shaba inapoungana na oksijeni ya hewa, nao huuchezea mwanga kama mafuta yaelayo juu ya maji. Usizidishe moto, maana shaba italegea. Njia ya tatu ni siki na chumvi. Kilowanishe kibomba kwa maji ya chumvi, kisha kiweke katika chupa pana juu ya siki, kisiiguse, ukaifunike siku moja au mbili. Kitatoka na kutu ya kijani nzuri sana. Kutu hiyo ni sumu. Usile kabla ya kunawa mikono.

Wengine hutumia mvuke wa amonia. Mimi siwashauri. Zamani Waingereza waliokuwa India waliona maganda ya risasi, ambayo ni ya shaba nyeupe, yakipasuka yenyewe wakati wa masika, hasa yaliyowekwa karibu na mazizi ya farasi. Mwaka 1921 wataalamu walieleza kuwa amonia itokayo katika mkojo wa wanyama huila shaba iliyokazwa. Kibomba chetu nacho kimekazwa kiwandani.

Hatua ya tano ni gundi. Ziba ncha za kibomba kwa nta, changanya gundi ya sehemu mbili, ukiingize kibomba huku ukikizungusha. Kiache mpaka kesho yake, ndipo usawazishe ncha na kukereza.

Nami niseme kosa langu, ili lisiwe lenu. Nilipokuwa kijana, babu yangu alikuwa na maksai wawili waliolima shamba la alizeti, na alizeti hiyo ndiyo iliyonilipia ada ya shule. Mmoja alipochinjwa kwa uzee, babu alinipa ncha ya pembe yake, akasema, "Mjukuu wangu, huyu ndiye aliyekusomesha. Usimtupe." Nikaamua kumfanyia babu kalamu. Kibomba nilikitia kutu ya kijani, nikaipenda hata sikuisugua kwa brashi kuondoa unga wake, wala sikuifunika kwa vanishi. Gundi ikashika unga, haikushika shaba. Katika kerezo pembe ikaanza kuzunguka peke yake, ikapata joto, ikapasuka vipande viwili. Pembe ya pili babu alikuwa amekwisha kuifanya kopo la ugoro.

Nilimpelekea vile vipande kwa aibu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Tangu siku ile nimekereza kalamu nyingi, wala hapana hata moja iliyolegea. Lakini ya maksai yule sikuipata tena. Basi, vijana, kazi isiyoonekana ndiyo ifanyeni vizuri kuliko zote.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini kibomba husuguliwa kabla ya kutiwa gundi?
2. Rangi itokanayo na moto hutokeaje?
3. Mwalimu alisahau mambo gani mawili?