Songea alinyongwa, Songea imekua: mbinu ya kusoma falsafa ya mtu na kitu

Chukua daftari uandike sentensi tatu. Songea alinyongwa. Songea imekua. Songea kuna baridi. Ya kwanza inamtaja Nduna Songea Mbano, aliyeuawa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji. Ya pili ni manispaa iliyorithi jina lake. Ya tatu ni mahali, na mwezi wa Juni hakuna atakayekubishia. Jina ni lilelile herufi kwa herufi. Kilichogeuka ni kiambishi kidogo kwenye kitenzi, na kwa kugeuka kwake mtu akawa mji, mji ukawa mahali.

Ukikaa na sentensi hizo kwa dakika tano umeshaanza metafizikia, ile elimu inayouliza vilivyopo ni vya aina gani na nini kinamfanya mtu kuwa mtu badala ya kitu. Wengi huikimbia kwa sababu huanzia kwenye kitabu. Anzia kwenye ngeli, kitabu kifuate.

Na kitabu ninachompa anayeanza ni cha Alexis Kagame, padri, mshairi na mwanahistoria wa Rwanda aliyezaliwa 1912 na kufariki 1981. Ni tasnifu yake ya udaktari kutoka Roma, iliyochapwa Brussels mwaka 1956, kuhusu falsafa ya kuwapo katika Kinyarwanda. Imeandikwa kwa Kifaransa. Kama hukijui, tafuta anayekijua mkae naye jioni mbili tatu, kwa maana hoja yenyewe inabebwa na maneno manne ambayo utayatambua kabla hajatafsiri. Kagame aliiandika kwa mtindo wa mazungumzo ya watu wawili, Kama na Gama. (Msomaji wa Songea atatabasamu hapo, kwa kuwa Gama ni jina la ukoo wa watawala wa Kingoni. Ni sadfa tu, usijenge nadharia juu yake.)

Maneno manne ni umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Yote yanatoka kwenye shina -ntu, lililobaki kwetu kama -tu ya mtu na kitu, na ambalo wazee wa Kingoni hulitamka katika mundu. Kwa Kagame, umuntu ni kilichopo chenye akili. Ikintu ni kisicho na akili: jiwe, mgomba, ng'ombe. Ahantu ni mahali pamoja na wakati, na ukuntu ni namna kitu kilivyo, rangi yake, wingi wake, uhusiano wake na vingine. Aristotle alikuwa na makundi kumi. Kagame alilipasua lile la kwanza mara mbili, akaunganisha mahali na wakati, yale saba yaliyosalia akayatia katika ukuntu. Hesabu inakwenda sawa kiasi cha kumtia mtu wasiwasi.

Wasiwasi huo ndio wa kufanyia kazi. Mbinu yangu ni kuchukua kila dai lake na kulipeleka kwenye sentensi ambayo mtu wa sokoni angeisema bila kufikiri. Kagame anasema ng'ombe yuko upande wa vitu, na Kinyarwanda kinamuunga mkono: inka irarya, kiambishi cha inka si kile cha watu. Rudi sasa Songea. Ng'ombe anakula. Kuku ametaga. Mende amepita. Kiswahili kimewapa wote a- ileile ya mwalimu na mkuu wa mkoa. Mti nao unaishi lakini haupati kitu: unakua, umekauka. Kwa hiyo mpaka wetu haukupita kwenye akili. Ulipita kwenye pumzi na mwendo.

Geuza upande wa pili. Kinyozi amefunga. Kiongozi amechelewa. Hawa wamevaa ki- ya vitu, na bado kitenzi kinawaita watu. Halafu sikiliza mama akisema kitoto changu kinaumwa, au jirani mwenye hasira akisema lijitu lile limekuja tena. Hapo mtu kamili ameshushwa kwenye ngeli ya vitu, mara moja kwa mapenzi, mara moja kwa dharau. Mifano ya namna hii ijaze kurasa mbili za daftari kabla hujasoma zaidi, kwa sababu ndiyo itakayokulinda usimeze kila kitu. Mizimu usiiruke: Kinyarwanda husema umuzimu, abazimu, kundi la watu, kamusi zetu zimeiweka mzimu, mizimu pamoja na miti na mikeka.

Ukifika hapo utakuwa umejitengenezea mwenyewe pingamizi la Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin aliyemshambulia Kagame katika miaka ya 1970. Alikataa kwamba sarufi ya lugha ni falsafa ambayo wasemaji wote wanaikubali bila kujua. Anayesema mende amepita hajatangaza kwamba mende ana nafsi. Mimi niko na Hountondji kwa theluthi mbili. Theluthi iliyobaki naiacha kwa Kagame, kwa sababu ya fuvu.

Nenda Makumbusho ya Maji Maji, pale Mahenge mjini Songea, siku isiyo na shughuli. Kuna sanamu za mashujaa na kuna kaburi la pamoja la walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Inaaminika kwamba kichwa cha Nduna Songea Mbano kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake bado unakidai. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama hapo akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta. Sasa uliza kama Kagame: kinachotafutwa ni umuntu au ikintu?

Wanasheria waliwahi kujibu. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliiamuru Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na katika kifungu hichohicho irudishe Msahafu wa Khalifa Uthman. Kitabu na fuvu, vyote mali ya kukabidhiwa ndani ya miezi sita. Fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954, baada ya Gavana Twining kulichagua miongoni mwa mafuvu ya makumbusho ya Bremen, na swali kama ndilo lenyewe halijaisha. Msahafu una maandishi. Fuvu linatambuliwa kwa nini?

Kiswahili hakijibu haraka hivyo. Sikiliza tangazo lolote la msiba: mwili umewasili asubuhi kutoka Dar, marehemu atazikwa saa kumi. Kinachosafiri ni u-, anayezikwa ni a-, na jeneza ni moja. Aliyetoa tangazo hakukosea, wala hakuna aliyesikia akachanganyikiwa.

Kwa hiyo kazi ya mwisho ni ya kusikiliza. Mwezi Februari, wakati wa kumbukizi ya mashujaa, kaa karibu na wazee badala ya kukaa karibu na spika. Gawa ukurasa safu mbili, li- na a-. Kila anayezungumzia madai ya fuvu la Nduna, weka kitenzi chake mahali pake, na usimsahihishe mtu. Maofisa, nadhani, watakwenda safu ya kwanza: litafutwe, lipimwe, lirejeshwe. Ukimpata mzee aliyeanza na fuvu lirudi akamaliza na alale kwao, andika sentensi yote nzima, kisha mwombe airudie.