Tujifunze Kiingereza Jumuiyani Kwetu



Hapa Tanzania watoto wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakifika kidato cha kwanza hukuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Mseminari naye huukuta mlima huohuo anapoanza falsafa: vitabu ni vya Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza. Wapo wenye akili nzuri wanaokaa kimya darasani kwa kuogopa kuchekwa.

Nami nilikuwa mmoja wao. Shuleni kwetu aliyesikika akisema Kiswahili alivalishwa kibao shingoni mpaka amnase mwingine wa kumkabidhi. Kwa kibao kile tulijifunza kunyamaza tu. Kiingereza nilianza kukipata wakati wa likizo, kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, aliyenisikiliza bila kunicheka.

Mtakatifu Yeronimo, aliyetafsiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kilatini, alijifunza Kiebrania jangwani kwa ndugu Myahudi aliyekuwa ameongokea Ukristo. Aliandika mwenyewe kwamba alikata tamaa mara nyingi, akaacha, kisha akaanza tena. Basi nasi tufanyeje?

Kwanza, tafuta mwenza. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo hakosekani mwalimu, muuguzi, muongoza watalii au kijana wa kidato cha nne. Pateni nusu saa baada ya sala ya jumuiya, mzungumze habari za kawaida: bei ya sokoni, shamba, safari. Sharti liwe moja: hakuna kumcheka anayekosea. Msahihishe akishamaliza sentensi yake.

Pili, anza na unachokijua kwa moyo. Jumamosi soma Injili ya Jumapili kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kwa sauti. Kwa kuwa habari yenyewe unaijua, maneno mengi utayaelewa bila kamusi. Fanya hivyohivyo kwa Baba Yetu na Salamu Maria.

Tatu, jihadhari na mitego yetu. Neno letu “yeye” ni la mwanamume na la mwanamke. Kiingereza hutenganisha “he” na “she”. Ukichanganya, Bikira Maria atageuka mwanamume katikati ya mahubiri. Tena, irabu zao zina tofauti ambazo sisi hatuna: “ship” ni meli, “sheep” ni kondoo. Usipoangalia, Mchungaji Mwema atakuwa nahodha!

Nne, usidharau Kiswahili. Kiingereza ni chombo cha kazi, si kipimo cha akili wala cha utakatifu. Mtakatifu Paulo aliwaambia Wakorinto kwamba kanisani ni heri maneno machache yanayoeleweka kuliko mengi yasiyoeleweka. Padre wa kesho atasoma vitabu kwa Kiingereza, lakini bibi kizee wa kigangoni atamhubiria kwa lugha anayoielewa.

Zoezi la wiki hii: mweleze mwenza wako kwa Kiingereza, kwa sentensi tano tu, ulivyoishi siku yako. Kisha mjiulize: katika jumuiya yetu, ni nani anaweza kunifundisha? Na ni nani anayenisubiri mimi nimfundishe?