Usingizi, Chakula na Masomo

Haitupasi kumwita mwanafunzi mjinga kabla ya kuuliza amelalaje na amekula nini. Huko Lodwar, na Kakuma palipofunguliwa kambi ya wakimbizi mwaka 1992, joto ni kali na njaa si ngeni. Wako watoto ambao chakula cha shule ndicho tegemeo lao. Hao wana udhuru. Je, sisi watu wa pwani? Kijana wa miaka 13 hadi 18 huhitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, kwani usingizini ndipo akili huyathibitisha yaliyosomwa mchana. Baadhi ya wanetu hukesha kwa simu na miraa, kisha huenda darasani bila kufungua kinywa. Basi, enyi wazazi, simu zizimwe mapema, na mtoto asitoke nyumbani ila amekula.